Chanjo kwetu Lualaba: historia ya reli, vita na woga

Ndugu wasikilizaji wa Kisenge, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu mkafika kuishi pamoja nasi, kila mara timu ya chanjo inapotangazwa maulizo ni yaleyale. Dawa hii inatoka wapi? Kwa nini ni ya bure? Kwa nini wanafuata watoto mpaka mlangoni? Anayeuliza hivyo si mjinga. Maulizo hayo yana mizizi mirefu hapa Katanga, na mzazi akiijua historia yake ataamua vizuri zaidi.

Tuanze na reli. Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Ilileta mashine, nguo na wafanyakazi. Mwaka wa 1918 ililetea watu homa kali ya mafua, ile iliyoua mamilioni ya watu duniani kote. Ilipanda kutoka Afrika Kusini, ikapita Rhodesia, ikaingia katika kambi za wachimba shaba, ambamo watu walilala wamebanana. Wakati ule waganga hawakuwa na chanjo ya kuwapa watu. Hata kirusi chenyewe cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka wa 1933 tu. Somo la kwanza ni hilo: ugonjwa unasafiri kwa njia zilezile tunazosafiri sisi. Reli yetu ya kupitia Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji mpaka Dilolo iliunganishwa na ile ya Benguela mwaka wa 1931. Tangu hapo, kinachotokea Angola si habari ya mbali kwetu.

Lakini pamoja na dawa, ukoloni ulileta nguvu. Timu za kutafuta ugonjwa wa malale zilikusanya vijiji vizima, watu wakapangwa mstari, wakapapaswa shingo, na katika sehemu nyingi mtu hakuruhusiwa kusafiri bila karatasi ya munganga. Kampuni nayo ilipima na kudunga wafanyakazi kwa sababu ilihitaji mikono ya kuchimba madini. Hakuna aliyekaa chini na mama wa mtoto kumweleza. Si ajabu basi kwamba katika miji yetu ya madini ilienea hadithi ya batumbula, watu waliosemekana kuvizia usiku na kukamata wapita njia kwa faida ya wazungu. Wazee wetu walikuwa wanasema kwa hadithi hiyo jambo moja la kweli: mwenye nguvu asiyejieleza anaogopwa. Woga huo ulibaki hata baada ya wakoloni kuondoka.

Na bado, miaka michache baada ya uhuru, nchi hii ilifanya jambo kubwa. Ndui ilikuwa inaua na kupofusha, na wanaopona walibaki na makovu usoni maisha yote. Kuanzia mwaka wa 1968, timu za Wakongomani zikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani zilizunguka nchi nzima kwa gari, kwa mtumbwi na kwa miguu. Zilichanja zaidi ya watu milioni 20. Mwaka wa 1971 ndui ilikatika katika nchi yetu, na mwaka wa 1980 ulimwengu mzima ukatangazwa huru. Kama wewe ni mzee, tazama mkono wako: lile kovu dogo ni alama ya kazi hiyo. Wajukuu wako hawana kovu la ndui kwa sababu ugonjwa wenyewe haupo tena.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia, mwaka wa 1977. Alifanya kazi hospitalini, lakini aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona. Baadaye akawa mmoja wa wanaozunguka kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, akitumia mfano wake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka wa 2013.

Mwaka huohuo wa 1977, sisi huku tulikuwa katika vita. Mwezi wa tatu askari waliotoka Angola waliingia Shaba, na vita vikapita Dilolo, Kisenge, Kasaji mpaka Mutshatsha. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, ikawa zamu ya Kolwezi. Maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Angola. Na katika vita vya Angola vilivyochukua miaka mingi, maelfu wengine walivuka kuja kwetu. Nayo reli ya kwenda Lobito, iliyobeba manganezi ya Kisenge, ilikuwa imekatika tangu 1975. Wakati huo ndipo nchi ilipoanza kupanga chanjo za kawaida za watoto: kifua kikuu, polio, pepopunda, kifaduro, surua. Lakini mtoto anayekimbia porini na mama yake hafiki kituo cha afya siku ya miadi. Hapo ndipo shimo linapochimbika.

Surua ndiyo inayoingia katika shimo hilo kwanza. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili isienee, karibu watoto 95 kwa kila 100 wanatakiwa wawe wamechanjwa. Katanga imepigwa nayo mara nyingi. Mwaka wa 2015 ilienea katika maeneo yake mengi. Kisha ukaja mlipuko wa 2018 hadi 2020: wagonjwa zaidi ya 380,000 nchini, vifo zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Katika miaka hiyohiyo Ebola ya mashariki iliua watu zaidi ya 2,200, na dunia nzima ikaizungumzia. Surua iliua mara tatu zaidi, karibu kimyakimya.

Mpaka nao unatukumbusha. Homa ya manjano iliyoanza Luanda mwishoni mwa 2015 iliingia Kongo mwaka wa 2016. Chanjo ilipokuwa haitoshi, watu wa Kinshasa walipewa sehemu moja ya tano ya kipimo, ili wengi wakingwe kwa haraka. Kwa kawaida dozi moja kamili inakinga maisha yote.

Kwa nini basi kampeni zina majira yake? Kwa sababu mvua ikianza, barabara zetu zinakatika, na chanjo za watoto zinatakiwa zikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka dakika ya kutumika. Timu ikikwama matopeni, barafu inayeyuka na chanjo inaharibika. Tena mvua ndiyo inayosogeza kipindupindu kwenye visima na mito. Ndugu zetu wa Kalemie walipewa chanjo ya kunywa dhidi ya ugonjwa huo mwaka wa 2013 na 2014, lakini hata wao waliendelea kuhitaji maji safi.

Kwa jamaa waliohama, ninasisitiza mambo matatu. Karatasi ya chanjo iliyoungua au kupotea njiani haimnyimi mtoto haki yake. Nendeni kituo cha afya, mweleze. Kurudia dozi ya surua hakumdhuru mtoto. Kuikosa ndiko kunakoweza kumuua. Homa ndogo au uchungu wa mkono baada ya sindano ni kawaida na hupita, lakini mtoto akizidiwa arudishwe haraka kwa muuguzi.

Na kwa wenye kuchanja: jielezeni. Kaeni chini na mama, mwambieni jina la ugonjwa, jina la chanjo, na atakachoona usiku ule. Mzazi akijibiwa leo, kampeni ijayo atakuja bila kusukumwa, na pengine atamleta jirani yake pia.