Nusu inchi ya mnyororo: historia kwa anayetafuta baiskeli ya mbio ya bei nafuu

Leo naiweka kando hifadhidata tuzungumze kuhusu baiskeli. Msiondoke. Humu mna violesura, matoleo yasiyotangamana, vita vya hataza na kampuni moja iliyomeza soko zima, kwa hiyo ni habari zetu zile zile, ila hizi zinanuka mafuta ya cheni.

Dai langu ni hili. Mtu mwenye pesa kidogo anayenunua baiskeli ya mbio leo, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, ananunua vitu ambavyo mabingwa walikuwa wakivitumia karibu mwaka 1990. Vimeshuka ngazi baada ya ngazi hadi vikamfikia. Anayejua vilivyoshuka ataisoma baiskeli iliyoegemezwa ukutani kwa muuzaji bila kupumbazwa na rangi.

Tuanze na kisichobadilika. Mwaka 1880 Hans Renold, mhandisi wa Manchester, alitengeneza mnyororo wenye vibiringisho kwenye kila pini. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, baiskeli ambayo mnyororo wake unazungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akasajili tairi la upepo kule Belfast. Umbo tunalolijua likawa limepatikana. Leo chukua Black Mamba ya mzee anayebeba maziwa kijijini, na uchukue baiskeli ya bingwa wa Tour de France: kutoka pini hadi pini ya mnyororo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa zote mbili. Shimano walijaribu kuleta mnyororo wa milimita 10 kwa mbio za uwanjani miaka ya 1970. Haukushika. Hicho ndicho kiolesura, na kiolesura kikishatumiwa na dunia nzima hakiguswi ovyo.

Kilichobadilika ni upana wa mnyororo, na upana umebadilika kwa sababu ya gia.

Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, hakupenda vihamisha mnyororo. Kwake mlima ulipaswa kushindwa na misuli, si na mitambo. Mabingwa wakakatazwa kuvitumia hadi mwaka 1937. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili: ukifika chini ya mlima unashuka, unalitoa, unaligeuza, unalifunga, unaendelea. Na wakati huo huo watalii wa kawaida wa Ufaransa, wakichochewa na maandishi ya Paul de Vivie wa Saint-Étienne, walikuwa wanapanda milima hiyo kwa gia kadhaa bila kushuka. Mimi hili hunichekesha kila nikilifikiria. Teknolojia bora ilikuwa mikononi mwa wazee wa matembezi ya Jumapili, na waliolipwa kukimbia wakawa wanafungua nati kando ya barabara.

Nati hizo ndizo zilizomtia Tullio Campagnolo kwenye historia. Husimuliwa kwamba mwaka 1927, katika mlima wa Croce d'Aune nchini Italia, vidole vyake viliganda kwa baridi akashindwa kulifungua gurudumu. Hadithi imepambwa kidogo, na wapo wanaoitilia shaka. Lakini wenzo wa kufungulia gurudumu bila spana ulitoka kwake, na kampuni aliyoianzisha mwaka 1933 ingali ikitengeneza vipuri huko Vicenza. Wenzo ule ule, ambao zamani ulikuwa fahari ya mabingwa, utaukuta hata kwenye baiskeli za mtumba za bei ya chini.

Hata baada ya gia kuruhusiwa, kwa miongo mingi zilibadilishwa kwa kukisia. Wenzo mdogo ulifungwa kwenye bomba la chini la fremu. Unaachia usukani mkono mmoja, unavuta, unasikiliza. Ukisikia mnyororo unakwaruza, unarudisha kidogo. Ni kama redio ya kuzungusha kwa kidole hadi sauti ya mtangazaji itulie. Faida yake ni kwamba vipuri vya kampuni yoyote vilikubaliana, kwa kuwa kiungo kati yao kilikuwa sikio lako.

Sasa tufike pale patamu. Mwaka 1964 kampuni ya SunTour ya Japani ilipata wazo ambalo ukiliona utasema hata wewe ungelipata. Meno ya nyuma yamepangwa kama ngazi, madogo hadi makubwa, lakini kihamisha mnyororo cha wakati huo kilisogea sambamba na ekseli, kwa hiyo kilikuwa mbali na meno madogo na karibu na makubwa. SunTour wakakiinamisha. Kikawa kinafuata mteremko wa ngazi, na umbali kati ya kapi lake la juu na meno ukabaki karibu ule ule kwenye kila gia. Gia zikaingia vizuri hata kwenye vipuri vya bei ndogo. Hataza iliwalinda kwa miaka 20.

Hataza ilipokwisha, katikati ya miaka ya 1980, Shimano walikuwa wamejiandaa. Hawa ni watu wa Sakai, karibu na Osaka, walioanza kazi mwaka 1921. Dura-Ace yao ya mwaka 1984 iliunganisha mwinamo wa SunTour na wenzo wenye hatua. Klik moja, gia moja. Kila klik inavuta waya kiasi maalumu, waya unasogeza kihamisha kiasi maalumu, na meno yamepangwa kwa nafasi maalumu. Analogi ikawa dijitali.

Lakini angalia gharama yake. Ili klik ifanye kazi, wenzo, waya, ala ya waya, kihamisha, meno na mnyororo lazima vikubaliane kwa sehemu ya milimita. Sikio halipo tena kusawazisha. Basi Shimano wakauza vyote kama seti moja, na mtengenezaji wa baiskeli akaona raha kununua kila kitu dirisha moja. Waliotengeneza kipuri kimoja kizuri, kama SunTour, wakabanwa. Walitoa mfumo wao wa klik mwaka 1987, lakini maji yalikuwa yamefika shingoni, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 SunTour ile ya zamani ilikuwa imezama. Jina linaishi kwa kampuni inayojulikana zaidi kwa foku za baiskeli za mlimani. Aliyevumbua alikula hasara, aliyeunganisha akala soko. Sisi wa programu tumewahi kuiona filamu hii.

Mwaka 1990 Shimano wakahamisha wenzo wa gia kutoka kwenye bomba la fremu hadi ndani ya mkono wa breki. Kuanzia hapo hukuhitaji kuachia usukani kubadilisha gia. Campagnolo wakajibu kwa mfumo wao mwaka 1992. Dura-Ace hiyo ya 1990 ilikuwa na meno 8 nyuma. Ukitazama Claris, seti ambayo baiskeli nyingi za kuanzia zimekuja nayo tangu miaka ya 2010, utakuta nayo ina meno 8 nyuma, gia ndani ya breki, kihamisha kilichoinama. Ni nzito zaidi, na metali yake si ya kifahari. Utendaji ni ule ule.

Fremu nayo ilishuka bei kwa njia yake. Giant ilianzishwa Taiwan mwaka 1972, ikawatengenezea wengine. Schwinn wa Chicago, baada ya mgomo wa kiwandani mwaka 1980, wakazidi kuitegemea Giant. Mwaka 1992 Schwinn wakafilisika, na mwanafunzi akabaki na ujuzi wote. Fremu za alumini, ambazo miaka ya 1980 zilikuwa kitu cha wenye nazo, zikawa kitu cha kawaida.

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kuna dada tunayefanya naye kazi ambaye chama chake kilimfikia mwezi jana. Anakaa Juja, anachoka na nauli, na ametenga shilingi 30,000 tu kwa baiskeli. Hizo zikipotea, zamu yake ya chama hairudi hadi mwaka ujao. Alinitumia picha tatu: mpya yenye stika kubwa ya "21" ikijisifia gia, Peugeot ya chuma ya miaka ya 1970, na moja ya alumini ya mtumba yenye Sora ya zamani, meno 8.

Ile mpya ilikuwa na usukani wa mbio kwa sura tu. Gia zake 21 ni 3 mbele mara 7 nyuma, na nyingi zinarudiana. Namba kubwa kwenye stika ni sawa na megapikseli kwenye sanduku la simu.

Peugeot ilinivutia sana, sikatai. Lakini Wafaransa wa enzi hizo walikuwa na nyuzi zao wenyewe. Sehemu inayobeba ekseli ya pedali kwenye fremu nyingi za dunia imechongwa nyuzi za Kiingereza. Ya Peugeot hiyo ni ya Kifaransa, milimita 35. Beringi ikifa, fundi wa Juja hatapata ya kuingiza. Nafasi ya gurudumu la nyuma nayo ilikuwa milimita 120, wakati magurudumu ya meno 8 hadi 11 yanataka 130. Fremu ya chuma fundi hodari anaweza kuipanua taratibu. Ya alumini usithubutu, itapasuka.

Nikamwambia achukue ya Sora, na sababu ni hesabu. Kwenye kaseti ya meno 8, kutoka jino hadi jino ni milimita 4.8. Kwenye 9 ni 4.35, kwenye 10 ni 3.95. Kadiri nafasi inavyobana ndivyo vumbi, waya uliochakaa au kihamisha kilichopinda kidogo kwenye buti ya basi vinavyoweza kuivuruga klik. Mnyororo wa 8 pia ni mnene na bei yake ni rafiki. Sora ya aina hiyo ina kasoro moja: gia za upande mmoja hubadilishwa kwa kitufe cha gumba ambacho ukiinama chini kwenye pembe hukifikii vizuri. Kwa mtu wa kwenda kazini si neno.

Tahadhari mbili za matoleo. Ukikuta kihamisha cha Dura-Ace cha kabla ya katikati ya miaka ya 1990 kwa bei ya kutupa, jua kwamba uwiano wake wa kuvuta waya ni wa peke yake. Ukikifunga na wenzo mwingine wa Shimano, klik hazitalingana. Na tairi: Black Mamba huvaa tairi la 28, na tairi la baiskeli ya mbio nalo huitwa 28 na baadhi ya wauzaji. Si sawa. Rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635, ya pili 622, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Usiulize inchi. Geuza tairi, tafuta namba yenye kistari, kwa mfano 25-622. Ya kwanza ni unene, ya pili ndiyo rimu.

Kabla ya kutoa pesa, beba rula. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Kwa kuwa kila hatua ni nusu inchi, pini ya 24 lazima iangukie kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha na utaununua mwingine. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, meno ya kaseti yamekwisha pamoja nao, na hapo punguzo unalodai ni la vyote viwili.