Walimu wa Mulongwe na Mitandao ya Kijamii

Kabla ya simu ya mkononi kufika Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, mwalimu wa mtaa wa Mulongwe alipata habari za kazi yake kwa barua, kwa redio, au kwa foni, ile redio ya mawimbi mafupi iliyowekwa kwenye parokia, hospitali na maduka ya wafanyabiashara. Watu walipanga foleni kuzungumza na jamaa wa Bukavu, na kila aliyekuwepo alisikia yote. Matokeo ya mtihani wa serikali, ambao wanaomaliza sekondari wanaufanya tangu 1967, yalisomwa redioni jina kwa jina.

Kampuni ya Celtel ilianza kazi nchini Kongo mwaka 2000, Vodacom ikafuata 2002. Vita vilikuwa bado vinaendelea, na familia za Uvira zilikuwa zimetawanyika hadi Burundi na kambi za Kigoma. Mwalimu aliyepata simu aliinunua ili atafute ndugu zake. Darasani haikuwa na kazi. Aliyehitaji intaneti alikwenda saiber, mara nyingi akivuka mpaka wa Kavimvira hadi Bujumbura, mji ulio umbali usiofika kilomita 30.

Facebook ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2006 na WhatsApp ikazaliwa 2009, lakini vyote viwili vilisubiri simu za bei nafuu ndipo vienee kando ya ziwa. Vijana walitangulia. Walimu wengi walionyeshwa na watoto wao, hata na wanafunzi wao, namna ya kufungua akaunti na kuingia katika kikundi. Katika jamii inayomhesabu mwalimu kuwa ndiye mjuzi, kukubali kufundishwa na mtoto kulihitaji moyo, na waliokubali wanastahili heshima. Vikundi vya kwanza vilikuwa vya wenzao wa kazi: habari za mshahara, mikutano, misiba. Navyo vilinyamaza kila serikali ilipozima mtandao, kama ilivyofanya Januari 2015, na tena kuanzia 31 Desemba 2018 hadi 19 Januari 2019, baada ya uchaguzi.

Mwaka 2020 ndio uliogeuza kikundi kuwa darasa. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya korona. Mwezi haujapita, kati ya 16 na 17 Aprili, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kubomoa maelfu ya nyumba. Daftari na vitabu vikaenda na maji. Redio Okapi ilirusha masomo hewani, lakini redio haimsikii mtoto anayeuliza. Simu ilimsikia.

Njia iliyotumika ilikuwa rahisi. Mwalimu aliandika somo ubaoni kwa chaki, akalipiga picha, akaituma kwenye kikundi cha wazazi, kisha akatuma odio ya kulieleza, kwa Kifaransa na Kiswahili kwa zamu. Jioni, baba aliporudi na simu, mtoto alinakili somo, akafanya zoezi, na picha ya ukurasa ikarudishwa ili isahihishwe. Odio ilipendwa kuliko video kwa sababu ilikula mega chache, na kuliko maandishi kwa sababu mzazi asiyesoma aliielewa. Asiye na simu nyumbani alibaki nje kabisa, na hilo ndilo lililokuwa pengo kubwa la njia hiyo.

Madarasa mengi yalifunguliwa tena Oktoba 2020, yakafungwa Desemba, na kufunguliwa 22 Februari 2021. Kufungwa huko kwa pili kulikuta vikundi vimekwisha kuundwa na walimu wamezoea.

Uniti zote za simu za kutuma masomo hayo mwalimu alizinunua kutoka mfukoni mwake, na wapo waliozinunua bila hata kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Programu mpya ya masomo imeingiza teknolojia ya habari katika darasa la saba na la nane. Wanaoisimamia wawalipe kwanza walimu hawa, kisha wawaite wawafundishe wenzao, maana kazi hii wameshaifanya.