Kurekodi sauti nyumbani: chumba kwanza, maiki baadaye

Vijana wetu wa Pwani waliopanga Ruiru na Thika, wa chuo na wa viwandani, hunitumia picha ya kitu kilekile: maiki ya kondensa ya bei rahisi, yenye mkono wa chuma na sponji nyeusi. "Ami, ninunue hii?" Wanataka kurekodi kaswida, kufanya mazoezi ya tajwidi, au kughani utenzi wapelekee nyumbani. Nami huwauliza kwanza: chumba chako kikoje?

Vyumba vingi vya huku ni mawe na saruji, chini tailizi, zulia hakuna. Sauti hugonga ukuta ikarudi. Aliye karibu na Thika Road ana malori usiku kucha, na aliyeezekewa mabati, masika yakiingia hasikii hata adhana ya simu yake. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mvumo baada ya kofi, jua maiki nayo itausikia.

Kondensa husikia sana. Studio yenye kuta zilizofunikwa vizuri ndiyo mahali pake. Kwenye bedsita itachukua friji, honi ya matatu na mtoto wa jirani. Isitoshe, kondensa nyingi za kweli zahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa kifaa cha kuunganishia, na tundu la kawaida la maiki la kompyuta halitoi huo. Ndiyo maana wengi hulalamika kuwa sauti ni ndogo na ina mchakato.

Kwa hivyo mimi hupendekeza dainamiki. Yenyewe hushika zaidi kilicho karibu na mdomo. Shure SM58 imekuwako tangu 1966 na bado iko mikononi mwa waimbaji, lakini bandia zake ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa takriban gramu 300, basi ukiishika ikawa nyepesi kama kijiko, irudishe. Nayo yataka kifaa cha kuunganishia na kompyuta. Asiyetaka mzigo huo atafute dainamiki yenye waya wa USB. Samson Q2U ina njia zote mbili.

Na kama mfuko haujaruhusu, anza na simu, wala si aibu. Iweke umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo ili herufi za "p" na "b" zisipulize, na uizimie mtandao. Fungua kabati la nguo, usome ukilielekea, na nyuma yako usimamishe godoro au utundike blanketi zito. Nguo hunyonya sauti kuliko sponji zile nyembamba za kubandika ukutani. Baada ya alfajiri, kabla makanga hawajaanza kuita abiria, ndio wakati wangu.

Pesa itakayobaki nunua hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Za Bluetooth huchelewesha sauti, ukajisikia nyuma ya pumzi yako mwenyewe. Spika usinunue kwanza. Maiki ikiwa wazi, spika italia.

Hapa nasisitiza, hasa kwa wanaojifunza tilawa: zima mwangwi wa programu unapofanya mazoezi. Mwangwi hupamba, na hapohapo huficha madd iliyokatwa na ghunna isiyotimia. Ustadhi wako atasikia kasoro. Wewe utakuwa umejizoesha kuzipenda. Rekodi sauti kavu, uisikilize, ndipo upambe nakala.

Programu ya Audacity ni bure. Weka kilohezi 48 na biti 24, kilele cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6, na uhifadhi kwa WAV. MP3 fanya ya kutuma WhatsApp tu, kwani kila ikibanwa hupoteza kitu kisichorudi.

Vifaa hivi vyaingia kwenye begi moja. Ukishuka Lamu au Malindi kwa Idi, enda navyo. Mna bibi zenu huko wanaojua tenzi na nyiso ambazo hazijaandikwa popote. Omba ruhusa, zima feni, mkalishe juu ya mkeka katika chumba chenye pazia nzito. Aanze kwa kutaja jina lake, mtaa na tarehe. Faili liwe na nakala mbili, moja kwako, moja kwa watoto wake.