Nani Ametangulia Kuuzima Moto wa Makaa?

Msomaji wangu, katika majadiliano ya chuo chetu cha ualimu sijasikia swali lililozua makelele kama hili: ni nchi gani iliyo mbele katika kupambana na mabadiliko ya tabia ya nchi? Mmoja aliitaja Uingereza, wa pili Denmark, wa tatu Uchina, na kila mmoja akapigiwa makofi kana kwamba ameshinda. Makofi si ushahidi. Na tuitazame historia.

Uingereza ilifungua mjini London, mwaka wa 1882, kituo cha kuwauzia watu umeme wa makaa ya mawe. Mwaka wa 2008 Bunge lake lilitunga sheria ya kuilazimisha serikali ipunguze gesi zinazoitia dunia joto. Na tarehe 30 Septemba, 2024, kituo chake cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa. Ni tendo tukufu. Lakini hesabu mwenyewe: miaka 142! Mtu aliyekula tangu alfajiri, akanawa mikono magharibi, je, tumsifu kwa kufunga?

Denmark ina kisa kingine. Mwaka wa 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipopandisha bei ya mafuta, zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za nishati yake zilitoka katika mafuta ya kigeni. Watu walikatazwa hata kuendesha magari siku ya Jumapili. Dhiki hiyo iliwafundisha kuutazama upepo. Mwaka wa 1991 walisimamisha vinu 11 baharini huko Vindeby, shamba la kwanza duniani la namna hiyo, na leo zaidi ya nusu ya umeme wao hutokana na upepo. Walianza kwa kuogopa gharama, wala si kwa kuihurumia dunia, nami siioni aibu katika hilo. Kura yangu niliwapa wao. Hata hivyo niliitoa kwa shingo upande, maana nchi hiyo hiyo ilichimba mafuta ya Bahari ya Kaskazini miaka mingi, na mwaka wa 2020 tu ndipo ilipoamua kukomesha uchimbaji huo ifikapo 2050.

Uchina hutoa gesi hizo kuliko nchi yoyote, na pia hutengeneza sehemu kubwa ya paneli za jua za dunia nzima. Aisifuye tu, au ailaumuye tu, amesema nusu.

Wako na wasio na moshi wa kupunguza. Mwezi wa Oktoba, 2009, Rais Mohamed Nasheed wa Maldives alifanya mkutano wa mawaziri wake chini ya bahari, ili mataifa yaone wanakoelekea watu wa visiwa.

Nawe, mwanafunzi wa Kenya, usidhani u mtazamaji tu. Tangu 1981 mvuke wa Olkaria watupa umeme. Lakini serikali yetu iliyojivunia mvuke huo ndiyo iliyotaka kiwanda cha umeme wa makaa kijengwe Lamu. Mwezi wa Juni, 2019, baraza la kuamua mashauri ya mazingira lilikifuta kibali chake. Waliopeleka shauri hilo walikuwa wenyeji wa Lamu.