LISHE: Mlo mwepesi siku ya matembezi kando ya ziwa Kisumu

Siku za likizo, hususan mwezi wa Disemba shule zinapofungwa, familia nyingi za mtaa wa Migosi mjini Kisumu hufunga milango mapema na kuelekea ziwani. Safari hupitia Kondele, ikafuata barabara ya Jomo Kenyatta kupita soko la Kibuye hadi katikati ya mji, kisha ikashuka kusini kwenye hifadhi ya Impala, Hippo Point na ufuo wa Dunga.

Kisumu haina bustani za michezo ya mashine kama zile za Orlando au Paris, ambako wageni hulipa kiingilio na kushinda humo kutwa nzima. Hata hivyo, siku ya matembezi ziwani haitofautiani sana na siku ya huko. Watoto hukimbia juani, wazee huketi kivulini, kila hatua kumi pana mtu anayeuza kitu cha kutafuna, na saa nane mchana ikifika watu huwa na njaa ya kula chochote kilicho karibu.

Kilicho karibu, aghalabu, kimekaangwa. Viazi vya chipsi, soseji, mandazi, bhajia, na samaki waliopangwa kwenye makabati ya vioo wakiwa wamekauka na kung'aa kwa mafuta, ndivyo vinavyomlaki mgeni. Chupa za soda huandamana navyo.

Kwa mtu mwenye afya njema, mlo mmoja wa aina hiyo haumdhuru. Shida ni kwamba katika familia kubwa iliyotoka pamoja, hakosi mmoja au wawili ambao daktari amekwisha kuwaonya. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na serikali mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na zaidi ya robo walikuwa na uzani uliopita kiasi. Nyanya aliyekuja Migosi kutoka mashambani ili ahudhurie kliniki katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia, ndiye huyohuyo anayebebwa Jumapili kwenda kuonyeshwa ziwa. Akifika huko huwa na mambo mawili ya kuchagua: ale kinachomdhuru pamoja na wajukuu, au akae na njaa akiwatazama.

Si lazima iwe hivyo. Mlo mwepesi upo ziwani, nao si wa kigeni. Ila hauonekani kwenye kabati la vioo, na usipoagizwa mapema haupatikani.

Chanzo cha mlo huo ni samaki mwenyewe. Ngege ni miongoni mwa nyama zenye mafuta machache mno. Gramu mia moja za ngege aliyeiva bila kutiwa mafuta huwa na protini gramu 26 hivi, mafuta yasiyofika gramu tatu, na kalori zipatazo 128. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia pekee kina kalori zinazokaribia 120. Kwa hivyo si samaki anayeufanya mlo wa ufuoni kuwa mzito, bali karai anamotumbukizwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huonywa aache vya kukaangwa, naye akifika hotelini huagiza samaki wa mchuzi akidhani amefuata masharti. Katika vibanda vingi, samaki huyo hukaangwa kwanza kwa mafuta tele, kisha huingizwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu ambao nao umeanzwa kwa mafuta. Anayetaka samaki mwepesi hana budi kutamka wazi kwamba anataka wa kuchemsha, asiyepitia kwenye karai hata kidogo, apikwe kwa nyanya, kitunguu, dania na ndimu, na chumvi iwe haba. Aongeze pia kwamba hataki vikolezo vya pakiti. Vikolezo hivyo vimejaa chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai.

Mpishi atajibu kuwa itachukua muda, na atakuwa anasema kweli. Samaki wa kukaanga hutayarishwa tangu asubuhi, mteja akija hurudishwa mafutani dakika chache akaletwa mezani. Wa kuchemsha huanza mbichi. Kwa sababu hiyo, utaratibu unaofaa ni kinyume cha uliozoeleka: familia ipite kwanza kwenye kibanda, ichague samaki, ieleze namna inavyotaka apikwe, ikubaliane bei na saa, ndipo iende kutembea. Kutoka Dunga hadi hifadhi ya Impala si mbali, na muda wa kuwatazama swala pala na wanyama walio vizimbani watosha kabisa chungu kuiva. Anayesubiri hadi njaa imshike ndipo aagize, atakula cha kabatini. Hana subira ya kungoja kingine.

Kuagiza mapema kuna faida nyingine. Mteja humwona samaki akiwa mbichi. Mafuta moto huficha mengi, na samaki aliyechacha akikaangwa hadi akauke, walaji wengi hawatambui. Maji hayafichi kitu. Samaki anayefaa kuchemshwa ana macho maangavu yaliyojaa, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama inayorudi ikibonyezwa kwa kidole. Dunga kungali na wavuvi wanaoleta samaki ufuoni kwa mashua, na afikaye mapema huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuchagua. Pia si vibaya kuuliza samaki ametoka wapi, maana tangu miaka ya 2010 samaki waliogandishwa kutoka Uchina wameenea katika masoko ya Kisumu, na si kila ngege anayeliwa akitazama ziwa alivuliwa humo.

Mbuta naye anafaa, hasa kipande cha nyama kilichochemshwa. Ila mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, ni habari nyingine. Mtaani Obunga, chakula hiki kimewalisha wengi wasiomudu samaki mzima, na hakuna haja ya kukidharau. Lakini nyama yake ni chache na mafuta yaliyoshikamana na mifupa ni mengi. Aliyekatazwa mafuta asikihesabu kuwa samaki.

Omena hukaangwa pia, lakini hawahitaji mafuta mengi. Wakioshwa kwa maji moto, wakakaushwa kwenye sufuria na kupikwa kwa nyanya, ni chakula chepesi, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa, wana madini ya kalsiamu kwa wingi.

Baada ya samaki, mboga. Kwenye suala hili wakazi wa Nyanza wana bahati ambayo hawaitumii ipasavyo siku za sikukuu. Osuga, ambayo wengine huiita managu, pamoja na akeyo yaani sageti, apoth ambayo ni mrenda, na majani ya kunde yanayoitwa boo, ni mboga ambazo kwa miaka mingi zilichukuliwa kuwa chakula cha maskini au magugu tu. Prof Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ni miongoni mwa wataalamu waliotumia miaka mingi kuonyesha kuwa mboga hizi zina madini na vitamini kuzishinda nyingi zilizoletwa na wageni. Siku hizi hoteli nyingi za Kisumu huzipika. Aghalabu, hata hivyo, huletwa kama kijisahani kando ya mlima wa ugali, na mteja anaweza kuomba sahani ya pili ya mboga kwa bei nafuu kuliko kipande kingine cha samaki.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mboga chungu kama osuga na akeyo hupunguzwa ukali kwa maziwa, na mahali pengine kwa malai au samli. Asiyetaka mafuta aulize. Nayo apoth mara nyingi hupikwa kwa magadi ili ilainike na kuteleza. Magadi yana sodiamu sawa na chumvi, hivyo mwenye shinikizo la damu ale kiasi au achague mboga nyingine. Ni jambo ambalo wachache hulifikiria, kwa kuwa magadi hayana ladha ya chumvi.

Ugali wenyewe haukatazwi. Tatizo ni ukubwa wake. Sahani ya hotelini hukusudiwa kumshibisha mtu aliyetoka kulima, si aliyeketi kwenye matatu na baadaye kivulini. Nusu ugali huombwa bila aibu katika vibanda vingi, na sahani moja hutosha watu wawili. Panapopatikana ugali wa mtama au wimbi, ni bora kuliko wa unga mweupe wa mahindi uliokobolewa, kwa kuwa una nyuzi nyingi na haupandishi sukari mwilini kwa kasi ileile. Rabuon, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, pia hufaa, na ni rahisi kubeba kutoka nyumbani.

Kubeba kutoka nyumbani ndiko kunakowaokoa wenye watoto. Mtoto hangoji samaki achemke. Nyoyo ya mahindi na maharagwe, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi vikiwekwa kwenye kikapu, saa nne hadi saa saba hupita bila kilio cha chipsi. Kwa kuwa barabara inapita Kibuye, matunda hununuliwa hapo njiani, na siku ya Jumapili soko huwa limefurika kuliko siku nyingine zote. Maembe ya Disemba, machungwa, mapera na mananasi huwa tele. Ni heri kununua tunda zima na kulimenya mwenyewe baada ya kunawa, kuliko kununua vipande vilivyokatwa na kuachwa kwenye karatasi ya nailoni.

Tahadhari hiyo yahusu pia kachumbari. Watu huihesabu kuwa chakula cha afya, na kwa kweli ni nyanya na vitunguu tu. Lakini maeneo ya ufuoni yamewahi kukumbwa na kipindupindu mara nyingi, na mboga mbichi iliyooshwa kwa maji yasiyo safi ni hatari kuliko mafuta ya karai. Pasipo na uhakika wa maji, mboga iliyoiva hushinda mbichi.

Maji ya kunywa nayo yataka mpango. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo gramu 32, takriban vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana asivuke 25. Mtoto anayenywa chupa mbili juani amevuka kiwango hicho kabla hata hajala. Hata hivyo, anayekusudia kuingia hifadhi ya Impala asitegemee maji ya chupa za dukani. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa hizo, zilipigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za wanyama nchini. Chupa ya chuma au ya plastiki ngumu inayojazwa tena ndiyo inayofaa, na maji yaliyochemshwa nyumbani usiku wa kuamkia safari hayagharimu kitu.

Kikapu cha chakula nacho kifungwe vizuri humo hifadhini. Tumbili ni wepesi wa mikono, na ndizi iliyoshikwa na mtoto wao huiona kuwa yao.

Kwa wenye ugonjwa wa kisukari kuna onyo moja zaidi. Baadhi yao hujinyima kiamsha kinywa ili watumbo liwe na nafasi ya samaki wa mchana, ilhali wamemeza dawa au kujidunga insulini kama kawaida. Matembezi ya juani yakiongezwa juu yake, sukari huweza kushuka ghafla, mtu akatetemeka, akatokwa na jasho na kuchanganyikiwa. Mgonjwa wa aina hiyo ale asubuhi kabla ya kuondoka Migosi, hata kama ni uji wa wimbi na kiazi, na asiachane na kitu kitamu mfukoni cha kumwokoa hali hiyo ikizuka. Hapo ndipo soda huwa dawa.

Wapo wanaodhani samaki wa kuchemsha ni chakula cha mgonjwa, na nyanya akiletewa chake peke yake huku wengine wakitafuna vya kukaanga, huenda akakisukuma kando. Njia nyepesi ni kuagiza samaki mmoja mkubwa wa kuchemsha kwa ajili ya meza nzima, pamoja na mmoja wa kukaanga kwa wasioweza kuvumilia. Sinia likiwekwa katikati, kila mkono utachota upande unaoutaka, na mchuzi wa ndimu na dania aghalabu ndio unaokwisha kwanza.

Anayekaa hadi jua lizame Hippo Point hufika Migosi usiku, naye hupita Kondele wakati nyama na chipsi zimekolea moshi kando ya barabara. Waliokula vizuri mchana hutosheka na kikombe cha uji na embe lililobaki kikapuni.