Kugombea na Kuteuana: Kutoka Vugha hadi Chimwaga

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeizoea mno katika viwanja vya mpira, hata tumesahau kuwa ina kazi kubwa zaidi katika mambo ya utawala. Katika insha hii twakusudia kuipima kwa jambo moja: namna vyama vya siasa vya nchi yetu vinavyomteua mtu wa kushika ukubwa, na namna wale walioachwa wanavyosimama, au wanavyokataa kusimama, nyuma yake.

Lugha yetu yenyewe yatuonya. Neno kugombea limetokana na gomba, yaani kuteta. Nao wagombao huwa wawili au zaidi, na kitu wanachogombea hakigawanyiki. Kuteua nako ni kutoa kimoja katika vingi. Basi chama kiteuapo mtu mmoja, papo hapo kimewaacha wengine, na hao walioachwa wana watu wao na wana uchungu wao. Chama huwafanyaje watu hao wakae?

Sisi wenye asili ya Mashewa, upande wa Korogwe, chini ya milima ya Usambara, tulisimuliwa habari za ukubwa kabla hatujajua chama ni nini. Wazee walitusimulia Mbegha, aliyeanzisha ufalme wa Wakilindi, ambaye habari zake Abdallah bin Hemedi aliziandika katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mbegha alitoka katika milima ya Nguu, nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni. Hakuja na jeshi. Alikuwa mwindaji, aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akawaamulia magomvi yao, nao wakamtaka awe mkubwa wao. Hata baadaye, mfalme mpya alipotawazwa Vugha, alikumbushwa hadharani kuwa watu waliompa enzi waweza pia kumwacha asipowatunza.

Hata hivyo desturi njema haikutosha. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, katika miaka ya 1860, kiti cha Vugha alikalishwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri, hakuridhika. Yeye alikaa Mazinde, katika njia ya misafara, akapata mali na bunduki za biashara. Alimtoa Shekulwavu Vugha kwa nguvu, akamweka mwanawe mwenyewe. Wabondei nao wakaasi, wakawafukuza Wakilindi waliowatawala. Watu wa milimani na wa mabondeni walitekwa na kuuzwa pwani. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na nyasi hizo zilikuwa babu zetu. Desturi ya kumpata mfalme ilikuwako, lakini mmoja wa wakubwa hakukubali kufungwa nayo.

Vyama vya siasa vimerithi tatizo lilo hilo, ingawa badala ya bunduki sasa kuna kura. Mwaka 1953, katika uchaguzi wa chama cha TAA uliofanyika Dar es Salaam, Julius Nyerere, mwalimu wa shule, alichaguliwa kuwa rais wa chama, akamshinda Abdulwahid Sykes, kijana wa mjini ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Abdulwahid angeweza kujitenga na jamaa zake, na pengine harakati zingegawanyika siku hiyo. Hakufanya hivyo. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoundwa, jina lake lilikuwa miongoni mwa yale 17 ya waasisi, pamoja na la nduguye Ally, na la mshairi Saadani Abdu Kandoro. Twapenda kumkumbuka aliyeshinda. Yatupasa tumkumbuke pia aliyeshindwa akabaki.

Baada ya uhuru, nchi ilipokuwa na chama kimoja, ushindani uliingizwa ndani ya chama. Katika uchaguzi wa 1965 mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura walioomba ubunge, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja katika mikutano ile ile, wakakatazwa kutumia kabila, dini au rangi, na kampeni ikafanywa kwa Kiswahili. Mawaziri wasiopungua wawili waliangushwa. Hata hivyo kiti cha Rais hakikuwa na mashindano ya namna hiyo: lilipelekwa jina moja, wananchi wakajibu Ndiyo au Hapana. Ndivyo alivyochaguliwa pia Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985.

Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, uteuzi ndani ya chama ukawa na uzito mpya, kwa kuwa aliyeudhika sasa alikuwa na mlango wa kutokea. Hebu tutazame mikutano miwili ya Chama Cha Mapinduzi mjini Dodoma.

Wa kwanza ni ule wa Julai 1995, uliofanyika Chimwaga. Majina matatu yalifikishwa mbele ya Mkutano Mkuu. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459, na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Duru ya pili ikapigwa kati ya wawili wa juu: Mkapa 686, Kikwete 639. Aliyeongoza asubuhi alishindwa kwa kura 47. Kikwete alikubali, akamuunga mkono mwenzake, akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kwa miaka kumi. Mwaka 2005 Mkutano Mkuu ulimteua kwa kura 1,072, dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya.

Wapo watakaosema kuwa alitulia kwa sababu alipewa wizara. Na iwe hivyo. Hilo latufundisha kuwa wajibu hauko upande mmoja: aliyeshindwa akubali, na aliyeshinda amkaribishe. Mshindi anayewafukuza wenziwe hana haki ya kudai umoja.

Mkutano wa pili ni ule wa Julai 2015. Safari hii waombaji walikuwa wengi mno, nao walipunguzwa katika vikao hadi wakabaki watano, kisha watatu. John Magufuli aliteuliwa kwa kura 2,104, mbele ya Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Lakini Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi, jina lake halikufika hata katika wale watano. Wafuasi wake hawakupata kuona kura zake zikihesabiwa. Mwezi ule ule alihamia Chadema, akateuliwa kuwa mgombea wa umoja wa vyama vya upinzani. Huko nako, Katibu Mkuu Willibrod Slaa, aliyegombea urais kwa tiketi ya chama hicho mwaka 2010, alijiondoa. Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, Lowassa alipata 39.97, kisha mwaka 2019 akarudi CCM.

Hatusemi kuwa chama hakina haki ya kuchuja. Kila chama kina kanuni zake. Wala hatusahau kuwa wapo walioondoka kwa tamaa. Tunalosema ni kwamba aliyeshindwa kwa kura zilizohesabiwa mbele yake ana jambo la kuwaambia watu wake: tulipimwa, tukapungukiwa na 47. Aliyekatwa ndani ya chumba hana la kuwaambia isipokuwa manung'uniko. Siku ya pili viongozi huhimiza kuvunja makundi. Lakini makundi huvunjwa na haki iliyoonekana, na hotuba peke yake haiwezi kazi hiyo. Umoja wa watu waliokaa kimya kwa hofu wafanana na umoja, ila haudumu.

Ninyi walimu, mnaosimamia uchaguzi wa viranja kila mwaka, mnayo shule ya siasa iliyo bora kuliko mikutano mingi. Hesabuni kura mbele ya wanafunzi wote. Kisha, mshindi akiisha kupigiwa makofi, mtazameni yule wa pili: amekaa wapi, na nani amekwenda kumshika mkono. Huko Mashewa wazee wetu walijua gharama ya kutomtazama mtu huyo. Waliilipa kwa watoto wao.