Kubadili kasi za data: laini za mawasiliano na hifadhi za zamani

Kubadili kasi za data ni hesabu ya kulinganisha laini ya mawasiliano, ambayo kasi yake hutajwa kwa biti kwa sekunde (b/s), na kifaa cha kuhifadhi data, ambacho kasi yake hutajwa kwa baiti kwa sekunde (B/s). Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo wengi hugawa kwa 8 na kuishia hapo. Kwa waya mtupu jibu hilo ni sawa. Kwa mtu anayetaka kujua faili lake litafika baada ya muda gani, mara nyingi halitoshi.

Mafundi wa simu walihesabu biti tangu mwanzo, kwa kuwa ndizo zinazopita moja baada ya nyingine kwenye waya. Sauti ya mpiga simu hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Ndipo inapopatikana 64,000 b/s, kasi ya simu moja na tofali la msingi la mfumo mzima. Laini ya T1, iliyoanza kutumiwa na kampuni ya Bell nchini Marekani mwaka 1962, hubeba simu 24 kwa pamoja. Kila fremu yake ina biti 192 za sauti na biti 1 ya kuonyesha fremu inaanzia wapi, jumla 193. Zidisha kwa fremu 8,000, upate 1,544,000 b/s. Gawa kwa 8, upate 193,000 B/s. Namba 193 haikurudi kwa bahati. Fremu 8,000 zikigawiwa kwa biti 8 huacha 1,000 kamili, kwa hiyo katika laini yoyote yenye fremu 8,000 kwa sekunde, idadi ya biti katika fremu moja ndiyo idadi ya kilobaiti kwa sekunde. Fremu ya E1, laini ya Ulaya, ina biti 256, nayo hupitisha 256 kB/s. Fremu ya STM-1, laini ya nyuzi za kioo yenye 155.52 Mb/s, ina biti 19,440, nayo hupitisha 19.44 MB/s. Anayeikumbuka kanuni hii hahitaji jedwali.

Afrika Mashariki, kama Ulaya, ilifuata E1, hivyo jedwali la Kimarekani linaloishia kwenye T1 na T3 halimfai fundi wa Mombasa au Dar es Salaam. E1 ina nafasi 32. Ya kwanza hushika mpangilio wa fremu, na laini ikibeba simu, nafasi nyingine hutumika kwa ishara za kupiga na kukata, ndiyo maana simu huwa 30. Ikibeba data peke yake hubaki nafasi 31, yaani 1.984 Mb/s au 248 kB/s. Hiyo ndiyo kasi ya kuingiza kwenye hesabu ya faili, ingawa laini huuzwa kwa jina la 2 Mb/s.

Upande wa hifadhi, baiti ilitawala kwa sababu nyaya zilikwenda sambamba. SCSI ya kwanza, kiunganishi cha diski na kompyuta kilichopitishwa kuwa kiwango mwaka 1986, ilipitisha biti 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo milioni 5 kwa sekunde, hivyo 5 MB/s, sawa na 40 Mb/s. Hapa ulinganisho unanoga: laini ya E3 ya Ulaya, 34.368 Mb/s, hutoa 4.296 MB/s na kushindwa na kiunganishi hicho, ilhali T3 ya Marekani, 44.736 Mb/s, hutoa 5.592 MB/s na kukipita.

Sidii ya data husomwa sekta 75 kwa sekunde katika kasi ya msingi, kila sekta ikiwa na baiti 2,048. Hiyo ni 153,600 B/s, au 1.2288 Mb/s, kasi inayotosha kupita ndani ya T1. Kiwango cha video cha MPEG-1 kililengwa hapo hapo, kwenye takriban 1.5 Mb/s. Sidii ya dakika 74 ina baiti 681,984,000. Kisomaji cha kasi ya msingi huimaliza kwa dakika hizo 74. E1 ya data huihamisha kwa muda usiofika dakika 46. Modemu ya 56 kb/s, hata ikipata kasi yake yote, huhitaji zaidi ya saa 27.

Kosa linalorudiwa zaidi liko kwenye kilo. Wa simu daima humaanisha 1,000. Watengenezaji wa visoma sidii waliandika kasi ya 150 KB/s wakimaanisha baiti 150 mara 1,024. Flopi ya 1.44 MB ilichanganya vyote viwili: ina baiti 1,440 mara 1,024, yaani 1,474,560. Shirika la viwango vya umeme, IEC, lilipitisha majina ya kibibaiti na mebibaiti mwaka 1998 ili kutenganisha hesabu hizi, lakini vifaa vilivyokwisha kuuzwa vilibaki na maandishi yake.

Kuna pia biti zisizo data. Waya wa modemu huongeza biti ya kuanza na ya kumaliza kwa kila baiti, hivyo 9,600 b/s hutoa baiti 960, si 1,200. SATA ya kwanza, kiunganishi cha diski cha 1.5 Gb/s, huandika kila baiti kwa biti 10, hivyo ni 150 MB/s. Anayegawa kwa 8 hupata 187.5, kasi ambayo kiunganishi hicho hakijawahi kuitoa.

Anayeandaa jedwali la kasi na aandike kando ya kila namba kama ni ya waya au ya data, na kama kilo yake ni 1,000 au 1,024.